Mbichi, za kuchovya, za kikaango au za kuchoma? Njia nne za kupika kwepesi msimu wa joto na mboga za soko la wakulima

Umerudi kutoka soko la wakulima, mfuko umejaa, nyanya zinanukia mpaka mlangoni, kuna matango, zukini, mahindi mabichi, biringanya, na fungu la majani ambalo hata hukupanga kununua ila lilikua zuri mno kuliacha. Alafu jua linawaka kiasi kwamba ukiwaza tu kuwasha jiko unachoka kabla hujafungua mfuko. Hapo ndo wengi tunakwama. Sio kwamba hatujui kupika, tatizo ni kwamba njia ziko nyingi na kila mtu anasifia ya kwake, huyu anakwambia kula mbichi ndo afya, yule anasema bila moshi wa mkaa mboga haina ladha, mwisho wa siku unakula mkate mkavu na zile mboga zinanyaukia mezani. Inaniuma sana nikiona hivo.

Nimezipika njia zote nne kwa misimu mingi na hakuna iliyoshinda zote. Ninachokiamini ni hiki, kitu kilichovunwa jana jioni au leo asubuhi, kazi kubwa imeshafanywa na mkulima, udongo na jua, ya kwako imebaki ndogo tu, usikiharibu. Kwahiyo badala ya kuanza na "leo nipike nini", anza na maswali mawili: hizi mboga zinataka moto kiasi gani, na mimi leo navumilia moto kiasi gani. Majibu yakikutana hapo ndo kuna chakula chako.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima zote kwa mambo yaleyale ili isiwe upendeleo. Kwanza joto na muda, yani jikoni patakua tanuru au la, na dakika ngapi zinapita ukihesabu na kukata na kuosha (watu husahau hii kabisa). Pili mboga zipi zinakubali njia hiyo. Tatu ladha na virutubisho, hapa pana habari nyingi za uongo zinazosambaa. Nne kushiba, maana chakula chepesi kikikuacha unatafuta biskuti baada ya saa moja hakijafanya kazi yake. Tano kukaa na usalama, kwasababu joto linaharibu chakula haraka kuliko tunavyodhani. Mwisho nasema inamfaa nani.

1. Kula mbichi (saladi na supu baridi)

*Joto na muda.* Jiko haliwaki kabisa, hapa hakuna mpinzani. Muda lakini usidanganyike, kuosha majani vizuri na kuyakausha na kukata kila kitu inakula dakika 20 hivi kwa watu wanne, na ukikata kizembe saladi nzima inaonja kizembe.

*Mboga zinazokubali.* Nyanya, matango, figili, letusi, karoti changa, hoho, parachichi, majani ya kunukia kama mnanaa, rehani na kotimiri, na matunda pia, pichi au tikiti maji ndani ya saladi ya chumvi ni kitu kitamu sana na wengi hawajawahi kujaribu. Zukini changa nyembamba inaliwa mbichi ukiichana nyembambaaa kwa kimenyeo, ile kubwa iliyokomaa achana nayo, ni maji na mbegu. Maharage machanga ya maganda usile mabichi, jamii ya maharage ina lektini, aina ya protini ambazo zinasumbua tumbo mpaka zipikwe. Biringanya mbichi nayo hapana, ni kama kutafuna sponji chungu.

*Ladha na virutubisho.* Ladha ya hapa inategemea mboga kwa asilimia zote, hakuna moto wa kuficha nyanya mbaya. Kama nyanya ulizopata hazinukii, usilazimishe saladi, ruka mpaka njia ya tatu. Vitamini C inabaki karibu yote kwa sababu inaharibiwa na moto na inayeyuka kwenye maji, sa hapa hakuna vyote viwili. Ila kuna kitu cha muhimu, ile rangi ya karoti na nyanya na majani ya kijani kibichi, karotenoidi, mwili unainyonya vizuri pale panapokua na mafuta, kwahiyo saladi isiyo na tone la mafuta eti kwa ajili ya kupunguza mwili inakunyima faida uliyoifuata. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya zeituni kinatosha watu wawili.

Sosi watu wanaifanya ngumu. Sehemu tatu za mafuta kwa moja ya siki au limao ndo kipimo cha kawaida, mi kipindi cha joto napunguza mafuta mpaka mbili kwa moja kwasababu mdomo unataka uchachu. Majani lazma yawe makavu, mafuta hayashiki kwenye jani lenye maji, yanateleza yote yanaishia chini ya bakuli, na sosi iingie dakika ya mwisho mezani. Nyanya na matango ni kinyume, hizi ziwekee chumvi dakika 10 mpaka 15 kabla, chumvi inavuta maji yake nje na hayo maji usimwage, ndo nusu ya sosi yako.

Supu baridi naihesabu humuhumu. Nyanya zilizoiva sana, tango, hoho, kitunguu saumu kidogo, mkate uliokauka wa kufanya uzito, mafuta, siki, unasaga kwenye blenda alafu frijini saa mbili. Onja tena ikishapoa, maana ubaridi unapunguza makali ya chumvi na utamu, supu iliyokolea vizuri ikiwa ya joto la kawaida ikitoka kwenye friji inakua imepooza.

*Kushiba.* Hapa ndo udhaifu wake. Gramu 400 za nyanya na matango ni kama kalori 65 tu, zote ni maji karibu (tango ni maji asilimia 95 hivi), utajaa dakika hiyo na njaa itarudi. Ongeza mayai ya kuchemsha, dengu, maharage yaliyopikwa, jibini, samaki wa kopo au parachichi, sio kwa urembo, ndo chakula chenyewe hicho.

*Kukaa na usalama.* Saladi iliyokwisha pata sosi haikai, uile leo au uitupe. Na kwasababu hakuna moto wa kuua vijidudu, kuosha ndo kinga yako, maji yanayotiririka, sio sabuni, na uoshe unapotaka kutumia sio siku mbili kabla. Tikiti lioshe ganda kabla ya kukata, kisu kinapita kwenye ganda na kupeleka uchafu ndani. Vikishakatwa visikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ambayo joto limepita nyuzi 32 ni saa moja tu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mboga nzuri kwelikweli, anayekula leoleo, asiyetaka kuona moto. Haimfai sana mtu mwenye tumbo linalosumbuliwa na mbichi, wala anayepika mara moja ale siku tatu. Mjamzito au mgonjwa ambaye kinga yake iko chini naye ni bora aegemee zaidi kwenye mboga zilizopikwa.

2. Kuchovya kwenye maji ya moto (au mvuke wa haraka)

Hii ndo njia inayodharauliwa kuliko zote na kwangu ndo inayookoa wiki. Unachemsha maji mengi yenye chumvi, unatumbukiza mboga dakika chache, unatoa unazamisha kwenye maji ya barafu ili upikaji usimame hapohapo, unakausha, basi. Mboga inabaki na rangi kali na kamlio kadogo ukitafuna.

*Joto na muda.* Jiko linawaka dakika 10 mpaka 15, mvuke upo, siwezi kusema haupo. Chemsha maji kwenye birika la umeme kwanza alafu uyamimine kwenye sufuria, unapunguza muda wa moto karibu nusu. Ukifanya asubuhi na mapema au usiku jikoni pameshapoa haikusumbui kabisa. Mwenye mikrowevu ana bahati, bakuli lenye mboga, vijiko viwili vitatu vya maji, sahani juu, dakika mbili tatu, na chumba hakijapata joto.

*Mboga zinazokubali.* Maharage machanga dakika 3 mpaka 4, brokoli iliyokatwa 2 mpaka 3, njegere mbichi moja na nusu, spinachi nusu dakika tu. Karoti na koliflawa pia. Zukini haifai sana, inanyonya maji inakua kama kitambaa kilicholowa, na nyanya unaichovya sekunde 20 hadi 30 kwa ajili ya kumenya ganda tu. Chumvi weka vijiko viwili vya chai kwa lita, usiogope, nyingi inabaki kwenye maji.

*Ladha na virutubisho.* Utamu wake ni mpole, mboga inaonja kama yenyewe ilivyo, kwahiyo sosi ndo itaongea: mtindi na kitunguu saumu, limao na mafuta, ufuta. Sehemu ya vitamini C inapotea kwenye maji, huo ni ukweli, na mvuke unapoteza kidogo kuliko kuchemsha kwasababu mboga haijazama. Kuna faida ya upande wa pili lakini, spinachi ikichemshwa na maji yake yakamwagwa inapungua oksaleti, kitu kinachochangia mawe ya figo, mtu aliyewahi kuambiwa ana mawe ya figo analijua hili neno.

Kuhusu rangi: kijani cha mboga kinakufa kwa vitu viwili, muda na asidi. Ukipitisha dakika tano mpaka saba kwenye moto klorofili, yani hiyo rangi ya kijani, inaanza kubadilika na mboga inakua ya kijivujivu, na ukiwekea limao mapema inabadilika vilevile hata kama hujaipitisha. Ndo maana limao linakamuliwa mezani. Watoto wengi wanaokataa maharage machanga wamekataa ile rangi na ule ulaini wa kupikwa robo saa, wape ya dakika tatu uone.

*Kushiba.* Katikati. Mboga hizi zinaungana vizuri na nafaka zilizopoa, viazi vya kuchemsha, mayai, hivo ni rahisi kupata sahani kamili.

*Kukaa na usalama.* Bingwa wa hapa ni huyu. Zikikaushwa vizuri zinakaa frijini kwenye kontena lenye kitambaa au tishu siku 3 mpaka 4, unatoa unamwagia sosi unakula. Na kama umenunua nyingi, hii ndo hatua ya kwanza kabla ya friza, kwasababu ule moto mfupi unasimamisha vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha hata kwenye barafu.

*Inamfaa nani.* Mwenye wiki yenye shughuli, anayebeba chakula kazini, mwenye watoto, mzee mwenye meno ya shida (muongezee dakika mbili). Haimfai anayetafuta ladha kali yenye ukaango.

3. Kikaango, moto mkali, dakika chache

*Joto na muda.* Dakika 6 mpaka 10 za moto mkali. Utatoka jasho, ila kwa muda mfupi, na mara nyingi ukizima jiko dirisha likiwa wazi jikoni panapoa haraka kuliko ungewasha oveni dakika 40. Oveni kwenye msimu huu sijaiweka hata kwenye orodha, inageuza nyumba nzima.

*Mboga zinazokubali.* Karibu zote kasoro letusi na tango, na hata hizo zinawezekana. Mahindi yaliyopukuchuliwa ni malkia wa hapa, dakika 4 mpaka 5, yanapata madoa ya kahawia na utamu unapanda. Mahindi usiyalaze, tangu yanapovunjwa shambani sukari yake inaanza kugeuka wanga na joto linaharakisha, hindi la leo na hindi la keshokutwa ni vitu viwili tofauti. Zukini, hoho, spinachi, nyanya ndogo mpaka zipasuke zitoe mchuzi wao.

*Ladha na virutubisho.* Ile rangi ya kahawia na harufu inayoita majirani inaanza kutokea chakula kikifika kama nyuzi 140, na maji yanachemka kwa 100, kwahiyo mboga ikiwa imelowa au kikaango kimejaa mno inajichemsha kwenye maji yake haipati rangi ng'o. Hili ndo kosa namba moja. Kausha mboga, pasha kikaango kwanza, weka kidogokidogo kwa awamu mbili, na zukini usiitie chumvi mpaka mwisho kwasababu itamwaga maji. Kitunguu saumu kiingie nusu dakika ya mwisho, kikiungua kinakua kichungu na kinachafua sahani yote.

Vitamini C inapungua kidogo, muda ni mfupi. Upande wa nyanya hii njia inazidi mbichi kwa jambo moja, laikopini, ile rangi nyekundu, inanyonywa vizuri zaidi ikishapata moto na mafuta. Kwahiyo mtu akikwambia mboga mbichi siku zote ni bora kiafya, mwambie inategemea mboga na unatafuta nini ndani yake.

*Kushiba.* Nzuri, kwasababu mafuta yapo tayari na yai likivunjwa juu chakula kimekamilika. Angalia mkono tu, kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120 na biringanya inanywa mafuta kama haina akili, utaongeza na kuongeza. Ukiipaka chumvi kwanza ikalegea, inakunywa kidogo.

*Kukaa na usalama.* Inakaa siku 3 frijini, ila ukaango wake unalegea, ladha ipo lakini ule mkaukio haupo. Poza haraka, sahani pana sio bakuli refu.

*Inamfaa nani.* Anayepika kwa ajili ya mtu mmoja au wawili, mwenye dakika 15, mwenye mboga za mchanganyiko kidogokidogo, na mwenye nyanya ambazo hazikua nzuri kama zilivyoonekana.

4. Kuchoma (mkaa au grili)

*Joto na muda.* Kama una uwanja au baraza moto wote unabaki nje na ndani pako poa, hii ni raha. Kama huna, sahau mkaa kabisa, usiwashe mkaa ndani ya nyumba hata na dirisha wazi, hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Tumia kikaango cha mistari kwenye jiko, ila hapo moshi utakaa na wewe. Muda ni mrefu kuliko zote, mkaa wenyewe unataka dakika 30 kutulia, kwahiyo kwa chakula cha mtu mmoja jioni ya katikati ya wiki sioni maana.

*Mboga zinazokubali.* Biringanya, hoho, mahindi, zukini iliyokatwa kwa urefu unene wa sentimita moja, vitunguu vizima, hata kabichi iliyokatwa vipande vinene, na pichi iliyopasuliwa katikati kwa ajili ya kumalizia. Majani na maharage machanga yanaanguka kwenye moto, labda kwa foili au kikapu cha grili.

*Ladha na virutubisho.* Hakuna njia inayoigusa kwa ladha, kwa biringanya hasa. Ichome nzima juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi na iporomoke yenyewe, itoboe kwanza kwa uma isije ikapasuka, alafu chota nyama ya ndani, limao, chumvi, mafuta, kitunguu saumu. Hoho nazo ziungue ganda, zifunike kwenye bakuli dakika 10 mpaka 15, ganda linavuliwa kwa vidole na chini yake pana utamu ambao haukuwepo ilipokua mbichi. Maji hayatumiki kwahiyo virutubisho havimwagwi, moto mkali unakula sehemu ya vitamini C. Kilichogeuka mkaa kikwangue usile.

*Kushiba.* Mboga yenyewe ni nyepesi, ila ladha yake nzito inaridhisha mdomo, mkate na mtindi pembeni unamaliza kazi.

*Kukaa na usalama.* Zinakaa siku 3 mpaka 4 na zinaliwa baridi bila shida, nadhani hoho za jana ni tamu kuliko za leo. Onyo moja tu la maana: mboga za kuchoma au kitunguu saumu zikizamishwa kwenye mafuta zisiachwe kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa na bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu kali kwenye chakula, wanapenda hivo, weka frijini na maliza ndani ya siku nne. Na kama unachoma na nyama, koleo na sahani ya nyama mbichi isiguse mboga.

*Inamfaa nani.* Mwenye wageni, mwenye nafasi nje, mwenye wikiendi. Na yule ambaye familia yake inasema mboga sio chakula.

Mboga moja ukiitazama kwa njia zote

Zukini: mbichi ni nzuri ikiwa changa tu, kuchovya inashindwa, kikaangoni na kwenye mkaa inang'aa. Nyanya: ikiwa imeiva vizuri mbichi, ikiwa ya wastani kikaango, na popote utakapoipeleka isilale frijini kama utaila ndani ya siku mbili tatu, baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi inaua harufu yake. Maharage machanga: kuchovya kwanza, alafu kama unataka rangi pitisha kikaangoni. Mahindi yanakubali kila kitu, hata mabichi yakiwa ya leo asubuhi, punje tamu kama tunda. Biringanya mkaa, kisha kikaango, basi.

Utaona pia hizi njia hazigombani. Sahani nnayoipenda kuliko zote inachukua tatu: maharage yaliyochovywa asubuhi, mahindi ya kikaango dakika tano, nyanya mbichi zenye chumvi juu yake na maji yake yote, rehani kwa mkono. Moto umewaka jumla kama dakika kumi na tano na nusu yake jua halijatoka.

Sa uchague vipi

Kama leo joto limekushika na nyumba haina feni, na nyanya zako zinanukia: mbichi, na yai au dengu juu. Kama nyanya hazinukii, joto ni lilelile: supu baridi yenye siki na kitunguu saumu cha kutosha inaweza kuzisaidia kidogo, kikaango kingezisaidia zaidi, uamue kati ya jasho la dakika nane na ladha.

Kama unaanza wiki na hutaki kufikiria tena mpaka alhamisi, chovya kila kitu cha kijani kwa sufuria moja, anza na zenye ladha ndogo, maharage, njegere, brokoli, spinachi mwisho kwasababu inapaka maji rangi. Chemsha na nafaka au viazi kwenye zamu hiyohiyo. Wali ukipika wa kula baridi upoze haraka na uingie frijini ndani ya saa moja, usilale mezani usiku.

Kama unapika peke yako na una fungu dogodogo la kila kitu, kikaango. Kama wageni wanakuja, mkaa kwa vitu vizito na bakuli moja kubwa la mbichi pembeni, usijaribu kuwapa watu kumi mboga za kukaanga kwa awamu, utakula umesimama.

Kama unalisha watoto na wazee pamoja, kuchovya ndo rahisi kugawa, wengine dakika tatu wengine tano, sufuria ileile. Kama unajaribu kupunguza uzito angalia sana kikaango na wingi wa sosi, njia nyingine zote ziko sawa kwako mradi kuna protini kwenye sahani.

Na kama mfuko ni mkubwa kuliko friji, basi njia ichaguliwe na siku. Siku ya kwanza majani na mahindi, hivyo havisubiri. Majani yakilegea usiyatupe, yazamishe kwenye maji ya barafu nusu saa yanasimama tena, na yasikae karibu na nyanya au pichi maana hayo matunda yanatoa gesi ya ethilini inayoyazeesha. Siku ya pili na ya tatu maharage, zukini na nyanya zilizobaki. Biringanya na hoho zitavumilia mpaka siku ya nne, wakati huo mkaa ukiwaka uzichome zote kwa mara moja, na karoti na kabichi ziachie wiki ijayo, chini kabisa ya friji, karoti zikiwa zimekatwa majani yake ya juu ili zisinyauke.